Mita Moja na Nusu

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Bwana Usicheke, na jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Kwa miaka kumi na tisa alipiga picha za pasipoti katika chumba kimoja chenye kiti kirefu kisicho na mgongo, shuka jeupe ukutani, taa mbili, kitana kilichofungwa kwa kamba ili kisiende matembezi, na koti jeusi ambalo nusu ya mji ilikwisha kulivaa. Mteja akishakaa tu, Bwana Usicheke alimsomea amri zake: "Kidevu juu. Masikio yaonekane. Usicheke." Watu wakatoka na sura za wafungwa, wakapanda ndege, wakarudi na mabegi makubwa. Yeye akabaki pale pale.

Kamera yake nayo ilibaki pale pale. Ilisimama juu ya stendi ya miguu mitatu, mita moja na nusu kutoka kwenye kiti, na haikusogezwa tangu mwanawe wa kwanza alipoota meno. Pete ya lenzi, ile inayozungushwa ili picha itoke kali, aliifunga kwa utepe mweusi wa mafundi umeme, watoto wa wateja wasije wakaichezea. "Kamera isiyofungwa ni kama mbuzi asiyefungwa," alipenda kusema. "Utaikuta kwenye mboga za jirani."

Basi mkewe, mwalimu wa baolojia, akachaguliwa pamoja na walimu wenzake sita kwenda ziara ya wiki mbili, kutazama milima, maporomoko ya maji na mashimo ya volkano. Nyumba nzima ilifurahi. Bwana Usicheke naye alifurahi, kwa muda wa kama dakika nne, mpaka mkewe alipotua kikombe mezani.

"Nataka kununua kamera ya safari. Jumamosi nakwenda dukani na Mwalimu wa Jiografia, anisaidie kuchagua."

Kijiko cha Bwana Usicheke kikagoma katikati ya safari ya mdomoni.

"Na nani?"

"Wa Jiografia. Si unamjua? Yule mrefu, mwenye kizibao cha mifuko mingi. Naye yumo safarini."

Alimjua. Mifuko ilikuwa kumi na mmoja. Alishaihesabu siku ya mahafali shuleni kwa mkewe, wakati wenzake wakiomba dua.

"Mke wangu," alisema kwa upole wa mtu anayenoa kisu, "humu ndani kuna mpiga picha. Au nilikwisha kufa, mkasahau tu kunizika?"

"Hee, baba! Usianze. Wewe unapiga vichwa. Mimi nakwenda kupiga milima."

Unapiga vichwa. Maneno hayo yalimkwama kooni kama mwiba wa samaki, hayamezeki wala hayatemeki. Usiku ule aligeukia ukutani akalala na kinyongo chake, kimoja cha kutosha vitanda viwili.

Jumamosi walikwenda watatu, maana Bwana Usicheke alifunga studio kwa mara ya kwanza tangu msiba wa baba yake. Mwalimu wa Jiografia alikuwa ameshafika, kizibao mwilini, meno yote nje.

"Shemeji! Karibu, shemeji!"

Shemeji. Mtu akikuita shemeji anajitangaza kuwa ndugu wa mkeo, na Bwana Usicheke hakukumbuka kumwona huyu ndugu siku ya kutoa mahari.

Muuzaji, dada mwenye miwani na subira ya muuguzi, akapanga kamera tatu juu ya meza ya kioo. Ya kwanza ilikuwa nyembamba kama kipande cha sabuni, ya kuingia mfukoni. Ya pili kubwa, na lenzi yake ndefu kama mkono wa mtoto. Ya tatu ilikuwa ya kati, nyepesi, lenzi yake fupi na pete ya kuzungusha.

"Chukua hii ndefu," alisema Jiografia. "Inavuta mpaka mwezi."

"Mwezi ana kazi nao gani?" aliuliza Bwana Usicheke. "Na hilo ni tofali. Siku ya tatu shingo itakuwa ya twiga."

"Basi hii ya mfukoni, shemeji. Nyepesi."

"Nyepesi mno. Ataifua pamoja na nguo."

Hapo hata kama Jiografia angesema maji yanalowesha, Bwana Usicheke angeomba ushahidi. Mkewe aliwatazama kwa zamu, akaichukua ile ya kati, akaipima mkononi, akaitia mkobani, akaitoa, akaitia tena.

"Nitatembea sana," alimwambia muuzaji. "Nataka isiyonichosha na isiyohitaji digrii."

"Basi ni hiyo, mama. Betri yake inamaliza siku nzima, ukiwa na ya akiba ndiyo salama kabisa. Na inajitafutia yenyewe kitu cha kutazama. Wewe unabonyeza tu."

Bwana Usicheke akakunja uso. "Inajitafutia yenyewe?"

"Ndiyo, baba. Hapa ubavuni kuna swichi. Ukiiwasha, lenzi inahangaika kidogo, halafu inatulia kwenye kile ilichokipenda."

Kitu kinachokwenda safari wiki mbili, kikihangaika huku na huku mpaka kitulie kwenye kilichokipenda! Bwana Usicheke alimtazama Jiografia, akaitazama swichi, na uamuzi ukapita moyoni bila kupigiwa kura.

Asubuhi ya safari alimkalisha mkewe kwenye kiti cha studio, akaishika kamera mpya, akasimama mita moja na nusu. Akazima swichi, akazungusha pete kwa mkono mpaka kope za mkewe zikahesabika moja moja. Kisha akakata utepe mweusi, akafunga pete, akafunga na swichi, mzunguko mara tatu, kama anafunga jeraha.

"Nimeshakupangia kila kitu. Usimruhusu mtu yeyote aguse utepe huu. Umesikia? Yeyote."

"Hata mwenye mifuko kumi na mmoja?"

Bwana Usicheke alishtuka. Hakujua kwamba mkewe naye alihesabu.

"Huyo hasa," akasema.

Siku ya pili ya safari, saa sita mchana, simu ikalia. Mteja alikuwa kitini, kidevu juu.

"Mume wangu, milima inatoka kama uji. Nikiitazama kwenye kioo cha kamera, yote ina ukungu."

Nyuma yake ikasikika sauti ya kiume: "Ni huo utepe! Mwambie shemeji tunaubandua!"

Bwana Usicheke alielewa pale pale. Miaka kumi na tisa alikuwa amefunga pete kwa ajili ya vichwa, na sasa alikuwa amefunga kamera ya mkewe isione chochote kilichozidi hatua mbili. Neno moja tu, bandua, lingetosha. Lilikwisha kufika kwenye ncha ya ulimi. Lakini lilikuwa neno la Jiografia. Mwenzake ndiye aliyelisema kwanza, na kwa sauti kubwa.

"Usibandue," alisema. "Ni ukungu wa huko huko milimani. Utaondoka."

"Kuna jua kali, baba."

"Ukungu wa jua," alisema Bwana Usicheke, akakata simu. Mteja kitini akacheka, akaamriwa aanze upya.

Siku kumi na mbili zilizobaki hakula akashiba. Mchana alimwonea huruma mkewe, ambaye aliisubiri ziara ile tangu akiwa mwalimu mpya. Jioni alimwaza Jiografia akimnong'oneza, "Bandua tu, hatajua," na huruma ikakimbia. Mara tatu alishika simu apige, akairudisha mfukoni. Wivu una hasara hiyo: unakulinda usiibiwe kwa kukuchomea nyumba.

Mkewe akarudi, kaungua jua, viatu vimekwisha visigino. Siku ya pili yake walikusanyika studio kutazama picha kwenye kompyuta: mke, mume, na mama mkwe aliyevaa miwani yake ya kusomea. Kitu cha kwanza Bwana Usicheke kukitafuta kilikuwa utepe. Ulikuwa palepale, mizunguko yote mitatu.

Picha ya kwanza ikafunguka. Kitu cha kijani, juu yake kitu cha buluu.

"Huu ni mlima," alisema mkewe.

Ya pili, kitu cheupe kikimwagika. "Haya ni maporomoko." Ya tatu, uji wa mtama. "Hilo ni shimo la volkano."

Ya nne ikajaa kioo kizima. Ilikuwa kali, safi, yenye nuru ya asubuhi, na ndani yake kulikuwa na matundu mawili makubwa ya pua, paji lenye jasho, na jicho moja lililofinywa likichungulia lenzi.

Mama mkwe akasogeza miwani. "Na huu ni mlima gani?"

Ulikuwa mlima Jiografia. Na wa tano. Na wa saba. Ziwa la uji, kisha Jiografia. Msitu wa uji, kisha Jiografia, safari hii akionyesha kwa kidole, kinywa wazi. Picha mia nne na kumi na mbili zilikuwa ndani ya kamera ile, na kila iliyotoka vizuri ilikuwa na uso wa mwanamume yule yule, kope zake zikihesabika moja moja.

Bwana Usicheke aliinuka wima. "Kumbe. Kumbe ndiyo baolojia mliyokwenda kusoma!"

"Kaa," alisema mkewe.

Akakaa. Kiti kilichokuwa karibu ni kile cha wateja.

"Huyu kila siku alikuja mbele ya kamera kunionyesha kosa lilipo. 'Mwalimu, ni utepe, bandua.' Akisogea hivyo, mimi nabonyeza. Kitu pekee kilichokubali kuonekana ni mtu anayenibishia. Walimu wote walinicheka, wakaniita Mama Utepe. Siku ya tatu nilikuwa nimeshajua mwenyewe kwamba si ukungu."

"Kwa nini hukubandua?"

"Ningebandua, ningerudi na milima mizuri na mume aliyeshindwa na Jiografia. Milima hata kwenye kalenda ipo." Akairudisha picha ya kwanza, ule uji wa kijani. "Lakini usidhani siumii. Nilipanda mlima ule kwa miguu yangu, kwa muda wa saa tano. Na wewe kwenye simu ulijua. Nilisikia ulivyonyamaza."

Bwana Usicheke alifungua mdomo atafute ukungu mwingine. Safari hii akauacha upite.

"Nilijua," alisema. "Nilijua tangu siku ile. Sikutaka yeye awe amesema kweli."

Mama mkwe akasonya kwa urefu wa barabara. "Mkwe wangu, mtu mzima na akili za mtoto wa bwenini! Milima unadaiwa. Utampeleka, na mzigo utabeba wewe."

Ndipo mlango ukagongwa, na mifuko kumi na mmoja ikatangulia kuingia.

"Shemeji! Nimekuja kuzitazama. Ehee! Hiyo hapo! Sijawahi kupendeza hivi. Nitolee nakala sita, moja kubwa ya sebuleni."

Bwana Usicheke aliwasha mashine ya kuchapa picha. Alizitoa sita, akazikata kingo, akamkabidhi. Kisha, Jiografia akiwa anajitazama pichani karibu na dirisha, akasema kwa sauti ndogo: "Ulikuwa sahihi. Ni utepe." Hakuna jino lililowahi kung'olewa kwa maumivu kama yale.

Walipobaki wawili, aliichukua kamera ya mkewe akaubandua utepe, mzunguko mmoja mmoja. Akaiwasha swichi. Akailekeza nje ya dirisha, mbali, ambako hakuna kichwa. Lenzi ikahangaika kidogo, kisha mwisho wa barabara ukatokea: tangi la maji juu ya paa, na nguo zikianikwa. Miaka kumi na tisa, na hakuwa amejua kwamba tangi lile lina ngazi.

"Bonyeza basi," alisema mkewe.

"Subiri."

Kwanza alikagua pembe zote nne za picha, ahakikishe Jiografia hayumo.