Uwanja wa Mzee Abdalla

Mzee Abdalla alipopoteza macho kwa ugonjwa wa presha ya macho, uhuru mmoja ulimbakia: kwenda uwanjani peke yake. Ulikuwa uwanja mdogo mtaani Phillips, uliozungukwa na maduka, na katika mojawapo ya maduka hayo alikuwa fundi wa saa tangu yeye na mkewe walipohama Mombasa kuja ughaibuni. Aliujua kwa miguu. Akisikia harufu ya mikate hukata kushoto, akashika chuma cha ngazi, na matofali yakianza kucheza chini ya viatu hujua kafika kwa Cyrus kinyozi, mtu wa Nakuru. Hapo hupewa kiti, wakazozana juu ya siasa za nyumbani mpaka mkewe, Bi Shamsia, ampitie akitoka kazini.

Mwaka wa tisini na nne uwanja ukazungushiwa ua wa mbao, maduka yakavunjwa. Cyrus akahamia Brooklyn Park, ambako bila gari hufiki. Abdalla akajifungia nyumbani, akingoja wamalize kujenga.

Ulipofunguliwa upya, Shamsia alimshika mkono wakaenda.

"Nieleze," Abdalla akasema.

"Vioo kila upande. Chini marumaru, laini kabisa. Pazuri, Baba Nasima."

"Mikate wanaoka upande upi?"

"Hawaoki tena. Kuna duka la viatu."

Akanyoosha mkono palipokuwa na chuma cha ngazi, akashika hewa. Shamsia akamwambia watajifunza upya, kidogo kidogo, kila Jumamosi. Abdalla alikubali upesi mno, na baadaye Shamsia alijiuliza vipi hakulitambua hilo.

Wiki haikuisha. Siku moja alirudi kutoka kazini akakuta mlango umefungwa na koti la mumewe halipo. Alitoka mbio, theluji imeanza kuanguka. Alimkuta nyuma ya jengo jipya, kwenye maegesho, kichwa wazi, viganja vyote viwili ameviweka ukutani. Mlinzi aliyekuwa karibu alieleza kwamba mzee alikuwa akipapasa milango ya maduka, naye akamdhania mlevi, akamtoa nje.

"Nilikuwa natafuta kwa Cyrus," Abdalla alisema, midomo mizito kwa baridi.

"Cyrus hayuko, mume wangu. Unajua."

"Najua. Nilitaka pale mahali pake tu."

Magari yalipita yakiwarushia maji machafu ya theluji.

"Shamsia, miaka yote hii sikuwa kipofu. Leo ndiyo nimekuwa."

Shamsia alivua mtandio wake, akamfunga masikioni, akamwongoza nyumbani.

Alimpigia Cyrus simu. Jumapili Cyrus akaja na mkasi wake, akamnyoa rafikiye jikoni, wakacheka kidogo. Aliahidi kuja kila mwezi. Akaja mara mbili, kisha kazi zikamzidi.

Mwaka uliofuata binti yao Nasima aliwachukua wakaishi naye Blaine, kitongoji chenye nyumba mpya na barabara zisizo na njia ya miguu. Abdalla akawa mtu wa kupelekwa. Gari likisimama, alikaa ndani, mikono mapajani, mpaka afunguliwe mlango.

Jioni za kiangazi Shamsia humwambia, "Twende japo hapo kwenye kona, mie na wewe."

"Kesho," humjibu kwa upole.

Shamsia husimama kidogo mlangoni, kisha huvua viatu, akarudi kukaa naye.