Zamu Isiyopokelewa

Mume wangu alikuwa zimamoto. Ghala la magodoro lililokuwa likiungua lilimwangukia akiwa ndani, na walipofukua kifusi walipata kofia yake tu. Nililia mpaka sauti ikakauka. Kisha nikajifuta uso nikaenda kufuatilia mafao, maana watoto hawashibi machozi.

Ofisa wa mafao alikuwa mama mwenye kucha ndefu na subira fupi.

"Dada, aliyefia kazini familia yake inalipwa na inabaki kwenye nyumba ya kikosi. Lakini mwili haupo. Kamanda wake athibitishe kwamba hayupo tena."

"Si ghala limemwangukia watu wanaona?"

"Athibitishe. La sivyo ni mtoro, na nyumba mnahama mwisho wa mwezi."

Mtoro! Mtu aliyekuwa akienda kazini na homa yake! Nilitoka humo nimefura, nikaenda moja kwa moja kituoni.

Kamanda alikuwa mtu wa mizaha. Ndiye aliyembandika mume wangu jina la Chapuchapu, akidai anakimbilia moto kama watu wengine wanavyokimbilia chakula. Siku hiyo hakuweza hata kunitazama usoni.

"Shemeji, ningeshathibitisha zamani. Shida ni kwamba anaitika."

"Anaitika nini?"

"Jina lake. Asubuhi tukiita majina. Njoo kesho usikie mwenyewe."

Nilimweleza mama mkwe, tunayeishi naye. Nilidhani ataangua kilio. Akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba.

"Kumbe mwanangu yupo! Na wewe unataka wamwandike marehemu?"

"Mama, tutalala wapi na watoto hawa?"

"Popote. Anayeitika hazikwi."

Nilimkasirikia kweli. Lakini asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni, kajifunga mtandio wake mzuri.

Askari wa zimamoto walikuwa wamejipanga uani, mbele ya gari lao. Katikati ya mstari waliacha nafasi ya mtu mmoja. Kamanda akaita majina, wakaitika mmoja mmoja, mpaka akafika kwenye ile nafasi.

"Chapuchapu!"

"Nipo."

Ilitoka palepale kwenye nafasi. Ilikuwa sauti ya mume wangu, ina mkwaruzo wa mtu aliyemeza moshi. Wa kulia na wa kushoto walikodoa macho mbele, jasho likiwatiririka katika baridi ile. Kwenye saruji kavu palikuwa na alama mbili za buti, zimelowa maji. Nilitaka kukimbia, na nilitaka kumkumbatia.

"Kwa nini haondoki?" nikamuuliza kamanda.

Akanieleza kwa sauti ya chini. Kwao, aliyeshika mpira wa maji hauachi mpaka mwenzake aushike na kusema, "Nimepokea." Hata ukiungua, huachii. Siku ya ghala, aliyepaswa kumpokea aliona paa linayumba, akarudi nyuma. Simlaumu, naye kazaliwa na mama.

"Basi mpokeeni sasa!" nikafoka.

Hakuna aliyesogea. Kamanda akasema, "Shemeji, ukipokea unabaki wewe mahali pake."

Ndipo ile sauti ikauliza, imechoka, imechoka sana, "Nani anapokea?"

Nikafungua mdomo. Nikawakumbuka watoto, nikaufunga. Naona aibu kulisema hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama mkwe alivua ndala zake, akaenda kusimama pekupeku juu ya zile alama. Akainua mikono kama anayepokea mtoto mchanga.

"Nimepokea, baba," akasema. "Nenda kapumzike."

Kitu kikashusha pumzi mbele yake, pumzi ndefu yenye harufu ya moshi. Kamanda akaita jina tena. Kimya. Akaita tena na tena. Kimya. Wanaume wazima walilia hadharani, na kamanda akatia saini barua ya uthibitisho palepale, juu ya boneti ya gari.

Mafao yalitoka. Nyumba tunayo, watoto wanakwenda shule na soksi safi.

Mama mkwe hukaa kwenye kiti jikoni, mikono ameitanguliza mbele, misuli imemkaza kama ameshika kitu kizito kinachomvuta. Namlisha kwa kijiko. Nguo zake nikizifua maji yanatoka meusi, na usiku na mchana hafumbi macho. Namshukuru mpaka moyo unauma. Nikimbembeleza akalale, ananijibu kwa upole, "Mwanangu, nitaachiaje? Sijapokelewa."

Kisha ananitazama, anangoja. Nami natafuta chombo cha kuosha, nampa mgongo.