Sensa Mbili na Mafuta ya Mgando

Mwanawe alikuwa ameyasema kwa upole, na ndiyo maana yalimkaa Dereva moyoni. "Mama, Jumapili nakuja. Nikikuta hiyo taa bado inawaka, naondoka na ufunguo."

Taa yenyewe ilikuwa ndogo, ya manjano, kwenye dashibodi ya gari lake jeupe. Tangu iwake, gari lilikunywa petroli kama limetoka jangwani, na moshi wake ulinuka mayai viza. Mtaa mzima ulimwita Dereva, kwa sababu alishastaafu ushonaji lakini usukani hakuustaafu. Mjamzito akishikwa na uchungu, mzee akiwa na miadi ya macho, mlango uliogongwa ulikuwa wake. Ufunguo ukiondoka, yeye aliyezoea kuchukua watu angekuwa mtu wa kukaa barazani na mkoba mapajani, akisubiri kuchukuliwa.

Fundi wa gereji ya kona alilipima gari akasema sensa mbili za oksijeni zimekufa, ile iliyo karibu na injini na ile iliyo nyuma yake kwenye bomba la moshi. "Hizi ndizo pua za gari, mama. Zinanusa moshi, zinaiambia injini kama petroli imezidi." Ila yeye mwenyewe alikuwa na foleni ya magari hadi wiki ijayo. Alipoona uso wa Dereva umeshuka, akaingia ndani, akatoka na soketi ya kufungulia sensa, yenye mpasuo pembeni wa kupitishia waya. "Wewe umeshona suti za watu. Hili halikushindi." Ndiyo soketi pekee ya aina hiyo aliyokuwa nayo, na hakuuliza itarudi lini.

Basi Jumapili asubuhi Dereva akajilaza juu ya boksi lililokunjuliwa, chini ya gari lililokaa juu ya stendi za chuma. Pembeni, kwenye stuli, alikaa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, muuguzi mstaafu ambaye hata waliomzidi umri walimwita Sista. Sensa mpya alizilaza mapajani juu ya taulo safi.

"Wifi, huku inaonekana miguu tu. Wapita njia watadhani nimekugonga."

"Waambie niligongwa siku nilipoolewa na kaka yako."

"Aliyegongwa ni kaka yangu. Na nilimwonya."

Sensa ya kwanza kati ya zile zilizokufa iligoma kutoka. Waliipulizia dawa ya kutu, wakasubiri, wakavalisha mpini wa spana kipande cha bomba ili kuurefusha. Sista akapiga magoti, akaushika mwisho wake.

"Haya, sukuma. Vuta pumzi. Sukuma tena, kichwa kinakuja."

"Usinichekeshe, nitajigonga na gari."

Ilitoka kwa mlio wa kuwatia baridi mgongoni, nyeusi kama mkaa. Ya pili ilikuwa na adabu zaidi. Kila Dereva alipotoa mkono, Sista alimwekea kiganjani alichohitaji kabla hajakitaja, taratibu, kama wanavyofanya kwenye chumba cha upasuaji. Sensa mpya ziliingia laini ajabu. Dereva akazikaza, akachomeka plagi, wakalishusha gari. Akafungua waya wa betri kama alivyoelekezwa, akaurudisha, akawasha.

Taa ilikuwa imezimika. Walishikana mikono kupitia dirishani.

Halafu nyuma ya gari ukatoka moshi mweupe, mzito, wenye harufu ya taa ya mafuta. Injini ikakohoa kidogo, ikakohoa tena, na ile taa ikarudi.

Dereva alizima gari. Kwenye stuli aliona pakiti ya grisi ya kupaka kwenye nyuzi za kukazia sensa, iliyokuja nazo. Haikuwa imefunguliwa.

"Wifi, ulipaka nini?"

"Hako ka-pakiti nilikaona kadogo, nikakahurumia. Nikapaka mafuta ya mgando."

"Kwenye nyuzi?"

"Na kichwani pia."

"Kichwa hakiguswi, Sista. Ndicho kinachonusa."

"Mimi nimepitisha mipira ya kulishia kwenye pua za wagonjwa maisha yangu yote, na hakuna hata mmoja ulioingia mkavu." Sista aliitazama mikono yake. "Nilitaka ziingie bila kuumia."

Dereva alikuwa ameshaandaa jibu kali. Lakini mikono ile ndiyo iliyomgeuza mumewe kitandani miezi ile ya mwisho, bila kumwacha apate hata kidonda. Jibu likayeyuka. Akampigia fundi simu.

Fundi akapatwa na kikohozi kilichofanana sana na kicheko. "Lipelekeni barabara kuu lipate joto. Mafuta yataungua. Kisha fungueni betri tena. Taa ikirudi, basi sensa nazo zimekufa."

Kabla Dereva hajakata simu, mwanawe alikuwa langoni, akiutazama moshi uliokuwa bado unaelea uani. Alinyoosha mkono. "Mama, ufunguo."

"Panda nyuma," Sista akasema.

"Shangazi, gari linafuka."

"Linatoka jasho. Dawa niliipaka mimi, mama yako hana kosa. Na mgonjwa hatoki wodini dozi haijaisha."

Sista ndiye aliyempokea siku aliyozaliwa, na tangu hapo mwana huyo hakuwahi kushinda ubishi wowote mbele yake. Akapanda.

"Mama, lori."

"Nimeliona."

"Mama, kuna kona."

"Ilikuwepo hata jana."

Dereva alisimama kumpisha msukuma mkokoteni, akashika barabara kuu, akakanyaga. Kwenye kioo moshi ulikuwa mkia mrefu, kisha uzi, kisha ukatoweka. Akaegesha pembeni. Sista akashuka na spana, akafungua betri mwenyewe na kuifunga, midomo ameibana. Wakawasha, wakaondoka, macho yao yote kwenye dashibodi.

"Vipi mgonjwa?"

"Ametulia."

Walipita kituo cha mafuta, wakapita daraja. Taa haikurudi. Wala nyuma hakukusikika neno, na kimya hicho kilimtia Dereva wasiwasi. Alidhani mwanawe anahesabu makosa yake ya barabarani. Akatupa jicho kwenye kioo.

Amelala. Viatu amevivua, kichwa ameegemeza dirishani, mdomo wazi.

"Tumwamshe aione taa?" Sista akanong'ona.

"Ya nini? Mtu anayemwogopa dereva halali hivyo."

Kona ya kurudi nyumbani ilikuja, ikapita.

"Wifi, umepitiliza."

"Najua," Dereva akasema, akipunguza mwendo kwa ajili ya tuta. "Mwache amalize usingizi wake."