Wa Kwanza kwa Utulivu

Baba wa babu yangu alikuwa mkalimani wa mahakama. Babu yangu alikuwa karani wa mahakama hiyohiyo, na baba yangu alikuwa mpima mizani katika ghala la pamba. Katika watu hao watatu hakuna aliyewahi kupaza sauti wala kukimbilia jambo. Walisifiwa kwa utulivu, na utulivu huo waliuchukua hadi mautini. Mkalimani alifariki kitini katikati ya ushahidi, na wakili akamsubiri kwa adabu amalize kufikiri. Karani alifariki kalamu mkononi, na hakimu akaendelea kumsomea hukumu kwa kurasa mbili. Baba, akiwa kitini pake, aliegemea mizani yake, akaenda. Mazishini watu walisema kwamba ukoo huu hauna papara hata mbele ya kifo, nami nikakua nikilihesabu neno hilo kuwa urithi wangu.

Nilikuwa mwalimu mkuu kwa miaka thelathini na mmoja, na niliamini kwamba kila sifa njema hupimika. Kila likizo wajukuu walipokusanyika kwangu, niliwapanga sebuleni kwa umri, nikashika kifundo cha mkono cha kila mmoja, nikatazama saa yangu dakika nzima, na kuandika idadi ya mapigo ya moyo katika daftari lenye jalada gumu. Kisha nilitangaza nafasi. Mwenye mapigo machache alikuwa wa kwanza, na wakati wa chakula aliketi mkono wangu wa kulia. Wa mwisho alihutubiwa.

Wa mwisho alikuwa daima mtoto wa binti yangu, ambaye wenzake walimwita Cherehani, kwa kuwa moyo wake ulikwenda themanini na nane hata akiwa ameketi. Nilimwambia mbele ya wote kwamba mtu wa namna hiyo atazeeka kabla ya kuota ndevu. Wa kwanza, miaka kumi na miwili mfululizo, alikuwa binti wa mwanangu mkubwa. Binamu zake walimwita Kobe kwa wivu, nami niliwakumbusha kwamba mwenda pole hajikwai. Alianza na mapigo sitini na mawili. Alipomaliza shule alikuwa na arobaini na matano, na kila mwaka niliweka nyota kando ya tarakimu zake kwa wino mwekundu.

Akiwa na miaka ishirini na mitatu alipata kazi katika kiwanda cha uchapaji, kwenye mashine ya kukatia karatasi, ambayo kisu chake hukata karatasi mia tano kwa mkupuo mmoja. Alianza kupumzika katikati ya ngazi. Alisinzia mezani. Mama yake aliponiambia kwamba binti anachoka isivyo kawaida, nilimjibu kwamba vijana wengine wanachoka kwa kucheza muziki, huyu angalau anachoka kwa heshima.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, mwenda pole akajikwaa. Alianguka kando ya mashine, upande usio na kisu, na msimamizi wake akampeleka hospitali akiwa na vumbi la karatasi nywele nzima.

Daktari wa moyo alikuwa mwanamke wa umri ambao mimi ningempa kazi ya kufuta ubao. Alitueleza, mimi na mwanangu, kwamba moyo wa binti unapiga mara thelathini na nne kwa dakika, na wakati mwingine unasahau kupiga. Umeme unaouamrisha moyo haufiki unakotakiwa.

“Kuna mtu kwenye ukoo aliyewahi kuwa na shida ya moyo?” akauliza.

“Hakuna,” nilisema. “Sisi ni watu wa mioyo mitulivu.” Nikamweleza habari za mkalimani, za karani na za mpima mizani, kila mmoja na kiti chake. Mwanzoni aliandika. Kisha akaweka kalamu chini.

“Walikuwa na umri gani, mzee?”

“Hamsini na mmoja. Hamsini na minne. Arobaini na tisa.”

“Na kabla ya hapo, walikuwa wanazimia?”

“Walikuwa wanatafakari.”

“Wakiwa wameanguka chini?”

“Mara nyingine,” nilisema.

Ndipo mwanangu, ambaye tangu azaliwe hajanipinga, akasema kwa sauti ndogo, “Baba, kuna lile daftari.” Akaenda nyumbani kulileta. Daktari alipitisha kidole kwenye safu za tarakimu, mwaka baada ya mwaka.

“Nimefanya kazi hii miaka minane,” alisema. “Sijawahi kuona ugonjwa ulioandikwa vizuri hivi. Na hizi nyota ni za nini?”

Nililivuta daftari, nikalifunga.

Alieleza kwamba binti atawekewa kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua, chenye betri, kitakachouamsha moyo kila utakapochelewa. Nilisema haiwezekani. Katika ukoo wetu hakuna aliyeishi kwa betri kama redio. Mwanangu, ambaye hajanunua hata kitanda bila kauli yangu, alitazama sakafu.

Siku iliyofuata nilikwenda wodini peke yangu, nikiwa nimetayarisha maneno.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Umelala vizuri?”

“Nalala vizuri mno. Ndiyo maana wamenifunga hizi nyaya.” Akajivuta juu ya mto. “Babu, kesho natia sahihi. Mimi ni mtu mzima, siombi ruhusa. Nataka tu uwepo.”

“Na ukoo utasema nini?”

“Ukoo upi? Wote wamekufa wamekaa.”

“Chunga mdomo wako.”

“Nauchunga. Unajua hiki kizunguzungu kilianza lini? Nikiwa na miaka kumi na sita. Nikanyamaza. Niliogopa nikitibiwa nitashuka nafasi, Cherehani aje akalie kiti changu.”

“Cherehani asingeweza kukalia kiti kile hata kama...”

Sikumaliza. Macho yake yaligeuka, na kichwa kikalala upande kama cha mtu aliyekatizwa. Kwa mazoea ya miaka mingi mkono wangu mmoja ulishika kifundo chake, na mwingine ukainua saa. Nikasubiri pigo. Sekunde moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Tangu nianze kuhesabu mioyo ya watoto, sikuwahi kuomba idadi iongezeke; siku ile niliomba. Kisha nikapiga kelele. Wauguzi watatu walikuja mbio, na mmoja aliniambia baadaye kwamba sauti yangu ilisikika hadi jikoni.

Alipozinduka, alinitazama.

“Ni wewe uliyekuwa unapiga kelele?”

“Tia sahihi,” nilimwambia. “Leo. Kesho ni mbali.”

Kifaa kiliwekwa jioni hiyo. Kimeamrishwa kisiruhusu moyo ushuke chini ya sitini, na kwa hiyo mjukuu wangu sasa ni mtu wa katikati ya darasa. Anapanda ngazi huku akizungumza. Ubishi wake umeongezeka kwa kiwango ambacho daktari hakunitahadharisha.

Daktari aliagiza ukoo mzima upimwe. Cherehani hakukutwa na kasoro yoyote, na sikuona sababu ya kumkumbusha hotuba zangu. Alizikumbuka mwenyewe, neno kwa neno. Mwanangu, mwenye miaka arobaini na saba, alikutwa na mapigo arobaini na moja. Akanigeukia kungoja kauli. Nilimwambia atie sahihi kabla hajafungua kinywa, na nadhani hiyo ndiyo amri ya maana kuliko zote nilizowahi kumpa.

Ikabaki zamu yangu. Mapigo yangu hayakuwahi kuandikwa popote, kwa kuwa msimamizi wa mtihani hafanyi mtihani. Muuguzi alihesabu, akasema, “Themanini na sita.” Nilimwomba arudie. Ikawa themanini na saba.

Mjukuu wangu alicheka hadi akashikilia bendeji yake.

“Babu, kumbe Cherehani ni wewe.”

“Kaa vizuri.”

“Ndiyo maana uko hai, babu. Ulifeli.”

Daktari alieleza, kwa heshima, kwamba ugonjwa wa namna hiyo huweza kumpita mtu mmoja na kumshika mwanawe. Nina miaka sabini na minane. Hakuna mwanamume wa kwetu aliyewahi kufika umri huu, na mimi nimeufikia kwa kukosa ile sifa niliyoihubiri maisha yangu yote.

Basi ninyi vijana mtakaosoma haya, nawaagiza, siwaombi. Kizunguzungu msikifanye adabu. Ukichoka katikati ya ngazi ambayo bibi yako anaimaliza, sema, na useme kwa sauti. Ukisifiwa kuwa mpole kupita wenzako, shukuru, kisha nenda ukapimwe. Na waulizeni wazee wenu kuhusu waliotangulia: wamekwisha kuwaambia jinsi walivyoheshimiwa, sasa wawaambie walikufa vipi na wakiwa na umri gani. Mzee akijibu kwa methali, muulize tena. Akikasirika, muulize mara ya tatu. Hata mzee huyo akiwa ni mimi.