Goti la Kipa Kabla ya Ligi

Jumamosi, tarehe 21 Februari 2026. Asubuhi ukungu ulilala Masieda mpaka saa tatu. Nilisikia mbuzi wa jirani kabla sijawaona. Mvua haikunyesha, ila majani ya mahindi yalidondosha maji, na baridi ilinifanya nisali nimejifunika blanketi.

Nilipomaliza kusali nilifungua daftari. Siku hiyo saa kumi jioni nilitakiwa kuusoma msimu. Ndivyo tunavyoita. Wiki moja kabla ya ligi ya vyuo vya Mbulu na Hanang, shabiki mmoja wa chuo chetu cha ufundi huandika anavyoiona timu: nani yuko vizuri, wapi panavuja, mechi gani ya kuogopa. Kisha husoma kwa sauti pembeni ya uwanja, wachezaji wakiwa wamekaa mbele yake. Miaka yote walisoma vijana. Mwaka huu walinichagua mimi, Isidori, mkulima wa miaka hamsini na mbili, ninayesoma masomo ya jioni ya watu wazima katika karakana ya useremala ya chuo hichohicho. Miaka minne iliyopita nilikuwa naweka dole gumba penye sahihi. Kwa hiyo kazi hii niliichukua kwa uzito, na kila ukurasa niliuombea.

Kurasa zilikuwa tano. Wa kipa ndio ulionisumbua.

Alhamisi, kesho yake baada ya kupakwa majivu, niliwahi darasani. Nilimkuta Maximilian amekaa juu ya meza ya kurandia, mguu wa kushoto ameunyoosha, na Farouk anamfunga bandeji. Maximilian ndiye kipa na nahodha wetu, mtoto wa wakulima wa Masakta. Farouk ni namba tisa, wa Katesh, ambako baba yake, mzee Halfani, ana duka la vifaa vya ujenzi.

"Shikamoo, Baba Kornelia," walisema kwa pamoja, wakiniita kwa jina la binti yangu, kama watoto waliokutwa na sukari mdomoni.

"Marahaba. Kuna nini hapo?"

"Hakuna kitu," alisema Maximilian.

"Hakuna kitu, ila kimevimba kama kiazi," alisema Farouk.

Maximilian alimsukuma, kisha akaniangalia. "Nikidaka chini kushoto siwezi kuinuka haraka. Mwalimu Nikolausi akijua ataniweka benchi, na mechi ya kwanza ni Katesh. Mama anatoka Masakta kuja kuniona. Hajawahi kuniona nikicheza, na huu ni mwaka wangu wa mwisho. Tunajua watatu tu, Baba Kornelia. Usimwambie mtu."

"Sitamwambia mtu."

"Wewe sina wasiwasi na wewe, ni mtu wa sala. Huyu ndiye mdomo wake haufungi."

"Mdomo wangu umefunga tangu alfajiri," alisema Farouk. "Ramadhani hii. Hata maji hayaingii."

"Hata mimi nimefunga," nilisema. "Kwaresima."

"Basi chuo kizima anayekula ni Mwalimu Nikolausi!"

Tulicheka wote watatu. Nilikwenda nyumbani na siri ile, ikanilemea usiku kucha. Nilimwonea huruma kijana.

Ijumaa jumuiya yetu ilifanya Njia ya Msalaba, tukamalizia nyumbani kwa mwanajumuiya mwenzetu Letisia. Baada ya kituo cha kumi na nne tulikaa uani, mwenyekiti akasema kila mwenye nia aitoe. Mmoja aliombea mvua ya Machi. Mwingine alimwombea binti yake aliyelazwa Haydom akisubiri kujifungua. Ilipofika zamu yangu nilisema: "Tumwombee kijana Maximilian, kipa wa chuo. Goti lake la kushoto limevimba, akidaka chini hawezi kuinuka. Mungu amponye kabla ya mechi ya Katesh."

"Ee Bwana, utusikie," walijibu wote, na Letisia alijibu kwa sauti kuliko wengine.

Nilirudi nyumbani mwepesi. Kichwani mwangu, kumwambia Mungu hakukuwa kumwambia mtu. Nilisahau kwamba Mungu hakuwa peke yake pale uani.

Sasa Jumamosi hiyo ukungu ulipoanza kuachia, simu yangu ililia. Kwenye kundi la WhatsApp la ligi mtu alikuwa ametuma sauti. Nilibonyeza.

"Masieda, habari za asubuhi! Tunasikia kipa wenu akilala chini kushoto anaomba kunyanyuliwa. Sisi wiki hii tunapiga mashuti ya chini tu. Mleteni hivyohivyo, msimfiche. Tumemwandalia na godoro!" Halafu vicheko vya watu wengi.

Sauti ile niliijua. Ilikuwa ya Herman, beki wa timu ya Katesh, mdogo wake Letisia. Krismasi alikuja Masieda tukakaa naye benchi moja kanisani.

Nilikwenda chuoni karibu nakimbia. Timu ilikuwa uwanjani kwa mazoezi ya mwisho kabla orodha haijatumwa. Ligi yetu ina sheria ngumu: majina ishirini yanatumwa kwa kamati kabla ya saa kumi na mbili jioni ya siku hiyo, na ambaye hayumo hachezi mpaka msimu uishe.

Mwalimu Nikolausi alikuwa amesimama katikati, simu mkononi. Alimwambia Maximilian apandishe suruali. Bandeji ilionekana.

"Nani mwingine alijua?" aliuliza.

"Farouk na Baba Kornelia," alisema Maximilian. "Basi."

Wakati huohuo bodaboda ilisimama getini, Farouk akashuka na begi lake. Vijana wote waligeuka kumtazama. Kama kuna mtu duniani alifika saa mbaya, ni yeye.

"Farouk, jana ulikuwa wapi?" aliuliza Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu. Katesh. Nilisali Ijumaa, nikafuturu nyumbani."

"Uliongea na nani?"

"Na baba, na mama, na bakuli la uji."

Mmoja alicheka, akaona anacheka peke yake, akaacha. Walimsikilizisha ile sauti. Uso wa Farouk ulibadilika.

"Mnafikiri ni mimi?"

"Tulikuwa watatu," alisema Maximilian. "Mimi sikujitangaza. Baba Kornelia ni Baba Kornelia. Kabaki nani?"

"Max, mimi niliyekufunga bandeji?"

"Kabaki nani, Farouk?"

Mwalimu Nikolausi alitoa karatasi ya orodha mfukoni, akapiga mstari. "Mpaka saa kumi na mbili jina lako halimo. Kama una la kusema, lilete kabla ya hapo."

Nami nilikuwa nimesimama hatua nne tu kutoka kwao. Ulimi ulikuwepo, maneno yalikuwepo. Nilinyamaza. Niliogopa wale vijana kugeuka na kunitazama mimi vile walivyomtazama yeye.

Nilikwenda kwa Letisia. Alikuwa anachambua maharage.

"Letisia, jana baada ya sala uliongea na Herman?"

"Ndiyo, nilimpigia," alisema bila wasiwasi. "Nilimwambia, hata kama ni mpinzani wenu, mwombee yule kijana. Goti ni goti."

"Akasema nini?"

"Akasema amina."

"Sikiliza amina yake," nilisema, nikabonyeza simu.

Alisikiliza mpaka kwenye godoro, akaweka mkono mdomoni. Maharage yalimwagika, hakuyaangalia. "Yesu wangu. Baba Kornelia, usinitaje mbele ya watu."

"Sitakutaja. Wewe ulisikia kwangu."

Mchana niliingia kanisani, nikapiga magoti nyuma kabisa. Nitasema kweli jinsi nilivyosali. Kwanza niliomba Mungu aoneshe ukweli kwa njia yake mwenyewe, maana yake bila mimi. Halafu niliomba Mwalimu abadilishe mawazo. Halafu nilipanga nimpigie Mwalimu faraghani, nimweleze, amrudishe Farouk kimyakimya. Lakini Farouk hakutuhumiwa kimyakimya. Alituhumiwa mbele ya timu nzima, mchana kweupe. Nilipoishiwa na maombi ya kujificha, niliinuka.

Saa kumi watu walikuwa wamejaa pembeni ya uwanja, kwenye mbao za karakana. Wachezaji walikaa chini mbele. Farouk alikaa mbali, upande wa goli la chini, amevaa nguo za nyumbani. Mwalimu Nikolausi alikuwa na karatasi yake na kalamu.

Nilifungua daftari. Maandishi yangu nayasoma vizuri sasa.

"Msimu huu ligi ina vyuo sita," nilisoma. "Haydom wana pumzi. Ni wanafunzi wa uuguzi, wanakimbia kama wameitwa wodini. Lakini hawana mpigaji. Tukiwabana mpaka dakika ya themanini, watachoka na pasi zao wenyewe. Dongobesh wana kiungo mzuri mno, anapiga mpira mrefu kama anarusha jiwe kwa ndege wa mtama. Dawa yake ni kumkaba mapema, kabla hajainua kichwa."

Watu waliitikia. Mzee mmoja alisema, "Huyo ndiye aliyetuua mwaka jana!"

"Mwaka jana tulifungwa mabao kumi na moja," niliendelea, "na saba kati ya hayo yaliingia kwa kona. Si kosa la kipa. Mabeki wetu wanaangalia mpira, hawaangalii mtu. Nyumbani tuna uwanja wenye mteremko, nasi tunauchezea vibaya. Tukipanda tupige pasi fupi. Tukishuka ndipo tupige mbele. Kila mwaka tunafanya kinyume, na kila mwaka tunashangaa."

Walicheka, hata Mwalimu. Nilifungua ukurasa wa mechi ya kwanza.

"Katesh. Upepo wa Hanang huvuma mchana, kwa hiyo tukipewa kuchagua, tuchague upepo uwe mgongoni kipindi cha kwanza. Namba tisa wetu amefunga Ramadhani. Mechi ni saa kumi, atakuwa na njaa na kiu. Wengine watasema apumzishwe. Mimi nasema aanze, apewe mipira nusu saa ya mwanzo, kwa sababu kati ya mabao kumi na tisa tuliyofunga mwaka jana, tisa ni ya Farouk. Bila yeye sioni nani..."

Hapo nilishindwa kuendelea. Watu walidhani neno limenishinda kusoma. Binti mmoja wa darasa letu la jioni alininong'oneza, "Taratibu, Baba Kornelia, gawanya silabi." Nilifunga daftari.

"Hili sikuliandika," nilisema. "Siri ya goti la Maximilian haikutolewa na Farouk. Niliitoa mimi."

Mwalimu Nikolausi alishusha kalamu.

"Jana kwenye jumuiya nilitoa nia ya kumwombea. Nilitaja jina, nikataja goti, nikataja na upande. Ikafika Katesh kutoka hapo. Asubuhi mlipomshika Farouk nilikuwa najua, nikanyamaza. Kosa la kwanza lilikuwa ujinga. La pili halikuwa ujinga."

"Kwenye sala?" alisema Maximilian. Aliinuka, mguu ukamgomea, akashika bega la mwenzake. "Baba Kornelia, ulinitangaza kwenye sala?"

"Nilikutangaza, mwanangu."

"Afadhali ungenitukana sokoni!"

Mtu nyuma alisema kwa sauti, "Na ndiye mzee wa sala!" Alisema kweli.

Mwalimu Nikolausi alitazama saa. Ilikuwa inakaribia saa kumi na moja na nusu. "Maximilian, Jumatatu unakwenda hospitali. Daktari ndiye atakayesema kama unacheza, si mimi wala wewe. Farouk, njoo. Nakurudisha kwenye orodha."

Farouk alikuja, lakini hakuikaribia karatasi.

"Sijasema narudi, Mwalimu."

"Umesikia si wewe."

"Wamesikia hawa. Jina langu halijachafuka hapa tu." Alinigeukia. Macho yalikuwa mekundu, ila alisema kwa adabu. "Baba Kornelia, saa saba baba alinipigia. Mtu aliyekwisha kusikia ya hapa asubuhi aliingia dukani kununua misumari, akamwambia, mshukuru mwanao kwa kutuuzia kipa. Baba ameniuliza kama ni kweli nimewasaliti wenzangu, tena ndani ya mwezi huu. Nimemwapia. Sijui kama ameniamini."

Maximilian alimfuata akichechemea. "Nimekosa, Farouk."

"Wewe tutaongea baadaye, na hutaipenda."

"Sawa."

"Mimi namngoja mzee." Farouk hakuondoa macho kwangu. "Hapa ni nyumbani kwako. Hapa watakusamehe, kesho watakupa kiti. Katesh nani atawaambia?"

"Tutatuma ujumbe kwenye kundi," alisema Mwalimu.

"Ujumbe watasema nimewaomba mniandikie. Nataka mtu, na mdomo uleule uliotoa siri. Akiahidi hapa wote wakisikia, Mwalimu, niandike. Asipoahidi, nipe fulana yangu ya mazoezi niende."

Mwalimu aliweka ncha ya kalamu kwenye karatasi, penye nafasi ya namba tisa, akaniangalia. Wote waliniangalia. Niliwaza mashabiki wa Katesh, vicheko vile, lile godoro. Niliwaza kuingia duka la mtu nisiyemjua na kumweleza kwamba nilimharibia mwanawe kwa kusali. Nilimwomba Mungu kimoyomoyo, kwa maneno mawili tu, kisha nikainua mkono wa kulia ili hata waliokaa nyuma wauone.

"Mimi Isidori, mbele ya Mungu na mbele yenu wote, naahidi: Jumamosi ijayo, kabla mpira haujaanza, nitaingia dukani kwa mzee Halfani nimwambie kwa mdomo wangu kwamba mwanawe hana kosa. Kisha nitakwenda upande wa mashabiki wa Katesh, nisimame mbele yao, nitaje jina langu na nilichofanya, na sitaondoka mpaka wa mwisho wao asikie. Na jina la mtu sitalitaja tena katika maombi ya watu kabla sijamwomba mwenyewe ruhusa."