Ramani Niliyoikatia Magauni ya Kwaya

Wazazi wenzangu mlio na watoto chuo kikuu, someni haya kabla hamjashika mkasi.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kangemi. Binti yangu Ivyne alimaliza digrii ya jiografia mwaka jana, na mimi sikumpa amani. Kila mteja aliyekuja kupimwa nilimwambia, huyu amesoma milima na mito miaka minne, sasa ataandikwa kazi na mto gani? Kila asubuhi Ivyne alienda idara yao ya jiografia chuoni, mjini, bila mshahara, kupanga ramani za zamani. Aliniambia Jumamosi idara itasherehekea miaka tangu ianzishwe, waliosoma hapo zamani watakuja, na bosi mmoja kati yao anatafuta mtu wa kumwajiri. Yeye atasimama mbele yao aeleze ramani ya huku kwetu Kangemi, iliyochorwa kwa mkono na wanafunzi wa kwanza kabisa.

Aliniambia yote. Mimi nilikuwa nasikiliza cherehani.

Jumatano akaileta nyumbani aisome vizuri, akaiviringisha, akaiweka juu ya kabati, akatoka kwenda Ngara. Mimi nina magauni ya kwaya yananingoja. Nikaona karatasi kubwa, ngumu, mgongoni imebandikwa kitambaa. Fundi yeyote anajua karatasi kama hiyo ya kuchorea vipimo vya nguo haipatikani. Nikasema ni mambo ya masomo, yameisha. Nikachora kifua, mgongo na mkono, nikakata.

Ivyne aliporudi hakulia. Alivipanga vipande sakafuni.

"Mama, hapa pamebaki wazi. Kipande kiko wapi?"

Ulikuwa mkono wa gauni. Nilikuwa nimempa Carolyne wa Kabiria, tunayegawana naye kazi.

Alhamisi nilibeba vipande mwenyewe hadi idarani. Mtunza ramani, Mzee Wahome, alitazama alama zangu za chaki muda mrefu. Kwa woga nikamwuliza kama wale waliosoma hapo, walio kwenye picha za ukutani, wote ni walimu. Akanionyesha: huyu anapanga barabara, huyu anatabiri mvua, yule anapima mafuriko yatafika wapi.

"Unakaa wapi, mama?"

"Kangemi, chini karibu na mto."

"Basi huyo wa mafuriko ndiye anayekuchunga."

Nikamwuliza kuhusu Jumamosi. Akasema tutafute kipande kilichobaki, yeye atabandika, lakini bosi yule ataona kwamba imekatwa.

Nikashuka Kabiria. Carolyne alikuwa ameshaupunguza ule mkono. "Si uliniambia waimbaji wengine ni wembamba, Mama Ivyne?" Tulimwaga gunia zima la mabaki ya vitambaa. Utepe mmoja wa ramani alioupunguza hatujaupata mpaka leo.

Jumamosi ramani ilikuwa imebandikwa na Mzee Wahome, nami nilikaa nyuma kabisa. Bosi akaweka kidole kwenye pengo la ule utepe, akauliza hapa pana nini. Ivyne akamtajia mto unavyopinda, daraja, kijia cha kupanda sokoni, na nyumba zinazoingia maji siku hizi, hata yetu. Hakutazama karatasi yoyote. Bosi akachukua namba yake.

Hiyo ni wiki ya pili sasa. Simu ikilia naacha cherehani na sindano ndani ya nguo. Ivyne ananiambia nikae. Sikai. Na karatasi yoyote ndani ya nyumba hii, hata ya gazeti, siku hizi naigeuza kwanza nisome upande wa pili.