Sekunde Kumi na Moja

Nilishindwa kipimo cha nguvu kwa sekunde kumi na moja, na mpaka leo nikizikumbuka natamani kumng'ata mtu. Sikushindwa kwa sababu ya umri, wala tumbo, wala moyo. Moyo wangu waliufunga nyaya wakaupima, wakaukuta mzima kuliko wa huyo dada aliyekuwa anaupima.

Miaka tisa nimefanya kazi kwenye mtambo wa kuchimba mafuta baharini, nikibeba vyuma pamoja na mdogo wangu. Kazi ile ni ya wawili wawili: mmoja huku, mmoja kule, mzigo katikati. Mkataba wangu ukaisha, kampuni ikabadilika, na hao wapya wakasema kila anayeingia lazima apimwe upya. Mkataba wa mdogo wangu ulikuwa bado, kwa hiyo alibaki kule akishika mzigo na yeyote anayepatikana. Nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa moja tu, ya upande wake wa pili. Yaani nafasi yangu.

Sasa elewa kitu kimoja. Mdogo wangu mkono wa kushoto ana vidole vitatu. Viwili vilibaki chini ya bomba siku mwenzake alipoachia akidhani mzigo umeshakaa. Tangu siku hiyo sisi wabebaji tulijiwekea sheria ambayo haimo kwenye kitabu chochote: mzigo ukifika chini, kila mmoja anasema "umetua," na hakuna anayetoa mikono mpaka asikie la mwenzake. Wageni wakija wanatucheka, eti tunaitikiana kama wanakwaya. Wacheke. Tangu hapo hatujapoteza hata ukucha.

Ukumbi wa kupimia ulikuwa nyuma ya zahanati, sakafu ya mpira, feni moja inayozunguka kwa kulalamika. Nilipangwa na jamaa wa miaka thelathini hivi, mnyanyua vyuma, fulana imembana mpaka nikaihurumia fulana. Wenzake walikuwa wanamwita Kifua. Dada mpimaji akatueleza: kasha la vyuma, kilo hamsini, mnalinyanyua wawili, mnatembea nalo hadi mwisho wa ukumbi, mnalipandisha mezani, mnalirudisha. Mara sita. Ya sita mkishaliweka mezani, kila mtu anakimbilia mstari wake, na saa yake inasimama hapo. Dakika nne. Ukizidisha, rudi baada ya miezi sita. Na meli ya kupeleka watu mtamboni ilikuwa inaondoka Alhamisi.

"Bwana mdogo," nikamwambia Kifua, "tukiweka, sema umetua. Na mimi nitasema."

Akanichekea. "Mzee, hapa tunashindana na saa, hatusomeani risala."

Tukaanza. Mara tano zote nilisema peke yangu kama kichaa. "Umetua." Kimya. Anaachia anavyotaka, mimi namsubiri kwa mazoea, nachelewa. Nilikuwa nimeshaanza kuchemka.

Ya sita, kona ya kasha ya upande wake haikuwa imefika mezani. Kalamu ya dada ilikuwa imeanguka, naye alikuwa amechuchumaa kuiokota, kichwa chini ya ukingo wa meza upande ule ule. Kifua akaachia, akachomoka kwenda kwenye mstari wake. Uzito wote ukanijia mimi. Nikaukumbatia, nikauegemeza tumboni, mgongo ukalia, nikamwambia dada, "Toka hapo." Akainua macho, akaliona kasha, akatoka kwa magoti. Nikalivuta kidogo kidogo mpaka likakaa sawa. Nikasema "umetua," sijui hata nilikuwa namwambia nani. Ndipo nikakimbia.

Kifua, dakika tatu na sekunde hamsini na nne. Mimi, dakika nne na sekunde kumi na moja.

"Asante, mzee," dada akaniambia huku akipangusa magoti. Kisha akaishika ile ile kalamu yake akaandika: hakufaulu.

"Dada, umeona kilichotokea."

"Nimeona."

"Sasa?"

"Fomu inauliza muda, mzee. Haina mahali pa kuandika hayo mengine."

"Andika pembeni."

"Pembeni hawasomi."

Damu ilinipanda. Nikamwambia ningejua ningeliacha lianguke. Ulikuwa uongo mtupu, lakini nilitaka umuume. Akainamisha uso, akasogeza fomu nitie sahihi. Nikatia mpaka karatasi ikatoboka.

Nje, barazani, simu ikaita. Mdogo wangu.

"Kaka, umepita?"

"Sijapita."

"Nani kapita?"

Nikamtazama Kifua. Alikuwa amekaa kwenye benchi la chuma la wagonjwa, anajipiga picha.

"Jamaa mmoja. Ana nguvu."

"Anasema?"

Nilijua anauliza nini. "Nitakupigia," nikakata.

Kifua aliponiona nakuja akasimama na kukunja ngumi. Alidhani nakwenda kumpiga, na kusema kweli nilitaka.

"Shika benchi upande huo," nikamwambia.

"La nini?"

"Shika. Alhamisi unakwenda kubeba mzigo na mtu mwenye vidole vinane. Ni mdogo wangu, tumbo moja. Ukimrudisha na saba, nitakutafuta popote ulipo."

Sijui aliona nini usoni kwangu, lakini alishika. Tukanyanyua, tukashusha. Akaachia kimya kimya. "Tena," nikamwambia. Tukanyanyua. Mlinzi akaja kuuliza kuna nini, nikamkazia macho, akarudi getini. Tena. Tena. Jasho lilikuwa linamtoka Kifua kuliko kule ndani, na mimi mgongo ulikuwa unawaka moto.

"Umetua," akasema mwishowe, amenuna.

"Sisikii."

"Umetua."

Mikono yake ilikuwa bado kwenye chuma, ananisubiri. Ile ilikuwa nafasi yangu, mikono yake ndiyo iliyokuwa inaichukua, na hasira ilinikaba. Nikakawia kumjibu makusudi, nione kama ataachia. Hakuachia.

"Umetua," nikasema. "Tena."